Javeli iue vijidudu, isiumize mapafu

Mpox ilipoenea Kivu ya Kusini, nchini Kongo, mwaka 2024, eneo la afya la Miti-Murhesa lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa sana. Javeli, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ni kinga nzuri dhidi ya ugonjwa huo na kipindupindu, lakini isipopimwa nayo huumiza.

Sokoni inauzwa pia katika chupa za maji zilizokwisha tumika, bila lebo wala kipimo. Mama anaimimina kwa kukadiria, anapiga deki chumba kisicho na dirisha, mtoto yuko mgongoni. Akiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, hutoka gesi ya klorini inayochoma macho na kubana kifua.

Madhara mengine ya dawa za usafi kwa jumla huja polepole. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watoto wapatao 2,000, ulionyesha kuwa waliolelewa katika nyumba zinazotumia sana dawa za usafi, hasa za manukato na za kupuliza, walipatwa zaidi na pumu walipofika miaka 3. Uhusiano wa dawa hizo na mzio haukuthibitika. Watafiti wanashuku kemikali hizo hukereketa njia ya hewa.

Hatusemi usafi uachwe. Sabuni na maji vinatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Javeli ibaki kwa choo na chumba cha mgonjwa, izimuliwe, na mlango uwe wazi. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC) ikomeshe uuzaji wa chupa zisizo na lebo, na wahamasishaji wa afya wafundishe vipimo nyumba kwa nyumba.