Sauti ya Mama na Kinasa Sauti



Yuko mama mmoja wa makamo ya nyanya zetu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi haikufanyika arusi mtaani pasipo yeye kutangulia kuimba. Akishika vugo, ile pembe igongwayo kwa kijiti, ukumbi wote wa wanawake hunyamaza. Nyimbo zake nyingine ni dua, nyingine ni mafumbo ya kumwasa biharusi, na nyingine, tuseme kweli, ni mzaha usiosemwa ila mlango umefungwa na wanaume wako mbali. Usiku mmoja wa kupamba, msichana aliyeketi pembeni aliinasa sauti yake kwa simu. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili sauti ile ilikuwa imefika barazani, katika simu za wanaume. Aliyemletea mama habari alikuwa mjukuu wake mwenyewe wa kiume. Tangu siku hiyo hakuimba tena.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa siku hizi kila nyumba yasikika ikisema kwamba nyimbo za wazee zapotea, basi na tuwahi kuzirekodi. Ni kweli, na tuwahi. Lakini mama huyu hakunyamazishwa na uzee wala maradhi. Alinyamazishwa na kurekodiwa.

Wazee wetu waliijua thamani ya kunaswa kwa sauti kabla yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay, kwa sababu mashine ilikuwa huko, na sauti ndiyo iliyolazimika kuifuata. Baadaye zikaja kaseti, nasi wa Mombasa tukazipata kanda za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, nyingi zikiwa zimenaswa papo hapo arusini. Ndani yake hamna mwimbaji peke yake. Mna vigelegele, mna watoto, mna mtu aitwaye kwa jina kutoka upande wa pili wa uwanja. (Kuhusu ala na hukumu zake wanazuoni wana maneno yao, wala si mahala pake hapa.) Leo mashine ndiyo iifuatayo sauti. Yaenea kiganjani, yatumia betri mbili ndogo, na yaingia popote, hata pale ambapo haikualikwa.

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, tulimwendea mama yule. Mara ya kwanza alitupa kahawa tu. Mara ya pili alituuliza, "Mwataka kunitia mfukoni tena?" Mara ya tatu alikubali, kwa masharti yake: sauti isiingie katika simu ya mtu yeyote, kadi ya kumbukumbu ikae kwa binti yake, na nyimbo za ndani zisisikilizwe na mwanamume yeyote maadamu yeye yu hai. Akifa, binti ndiye atakayeamua. Tukakubali, tukayaandika, naye akatia kidole.

Kisha tukamharibia.

Tunasema hivi bila ya kujitetea. Tulikiweka kinasa sauti juu ya meza ya mbao, tukamsikiliza akizungumza kwa upole, tukapandisha kipimo cha sauti hadi mazungumzo yale yakasikika vizuri. Hatukumwomba kwanza agonge vugo. Alipoligonga, mlio ulivuka sifuri ya kipimo, na sauti ikivuka hapo hukatwa kilele chake, ikawa kama nguo inayochanwa, wala hakuna fundi awezaye kukirudisha kilichokatwa. Meza nayo ikatetemeka kwa kila pigo. Na juu ya yote tulisahau kuzima feni. Wimbo wa kwanza, aliofundishwa na mamake, na ambao hatujausikia kwa mtu mwingine, unasikika nusu maneno, nusu mkwaruzo.

Tulirudi na aibu yetu tukamweleza. Alicheka. "Mimi niliimba, wanangu. Nyie ndio hamkusikia." Aliimba nyingine sita siku ile, lakini ule hakuurudia, nasi hatukumshurutisha.

Kwa hiyo msomaji mwenye nyanya nyumbani na ayachukue haya kwetu bure. Mwombe aimbe kwanza kwa nguvu zake zote, kisha upange kipimo ili palipo na kishindo kikubwa kabisa pasipite desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti iliyo ndogo yaweza kukuzwa baadaye. Iliyopasuka haina dawa. Zima kile kitendacho chombo chenyewe kipandishe na kushusha kipimo, kwani kila ngoma ilipigwapo hukandamiza sauti ya mtu. Usikishike mkononi, maana hata bangili husikika. Kanga iliyokunjwa mara nne na kuwekwa chini yake huzuia mtetemo wa meza kuliko tulivyodhania. Zima feni, na friji ikiwa karibu. Hifadhi kwa WAV, si MP3. Saa moja itakula megabaiti 600 na zaidi kidogo, lakini MP3 huokoa nafasi kwa kutupa sehemu ya sauti, na iliyotupwa hairudi. Mwanzoni tamka tarehe, mahali na jina la mwimbaji, akiwa ameridhia kutajwa.

Nje mambo ni mengine. Anayekwenda Lamu katika Maulidi, akasimama karibu na Msikiti wa Riyadha matari yakipigwa, adui yake mkubwa ni upepo. Upepo ukigusa maikrofoni hutoa ngurumo ifunikayo kila kitu, na kile kifuniko cha manyoya ambacho watu hukicheka ndicho kinga yake. Asimame mbali na vipaza sauti, mahali ambapo watu wanaitikia kwa midomo yao.

Na si nyimbo tu. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, adhana za alfajiri zikipokezana msikiti hadi msikiti, mikokoteni ikipanda kutoka Marikiti: hizo ni sauti ambazo hazina siri ya mtu, na watoto waweza kuzinasa bila ya kumkosea yeyote. Tungependa waanze na hizo. Mtoto aliyezoea kungoja kimya dakika tano ili amsikie muuza kahawa akipita atakuwa amejifunza kusikiliza kabla ya kukabidhiwa sauti ya nyanyake.

Ama sauti ya mtu, sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yahesabu habari zimtambulishazo mtu kuwa ni zenye kuhitaji msingi wa haki kabla ya kukusanywa na kusambazwa, na sauti ya mtu humtambulisha. Lakini msichana yule wa simu hakuhitaji sheria. Alihitaji mtu wa kumwambia, kabla ya kuingia ukumbini, kwamba kilichosemwa mlango ukiwa umefungwa ni amana ya waliokuwa ndani. Hatukumwambia. Sisi wakubwa tulikuwa tumeketi pale pale, twaiona simu mkononi mwake.

Kadi ile iko kwa binti, katika kijaluba kimoja na udi. Nakala ya pili iko kwa dadake Malindi, kwa idhini ya mama. Hatuna nakala yoyote.

Juma lijalo, inshaallah, tutaeleza jinsi ya kuzihamisha kaseti za zamani kabla ukungu haujazila. Mwenye redio kaseti nzima nyumbani asiitupe.