Mutoto wa mbwa anayechechemea hakurogwa



Katika gazeti hii tunazungumza sana juu ya mbuzi, kuku na mihogo. Leo naomba ruhusa niseme juu ya mbwa. Najua bamoja watacheka. Lakini ni nani anafukuza nyani katika shamba ya mahindi? Ni nani anabweka usiku mwizi akikaribia zizi? Ni mbwa. Na mbwa tunamukomaza vibaya.

Mwaka uliopita nilipata mutoto wa mbwa wa miezi miwili. Nilimupa chakula ya nyumba yetu, bugali ya muhogo na muchuzi kidogo. Siku ya soko nilimuongezea nyama bila mufupa, nikijiona mutu wa huruma. Alipofika miezi mine akaanza kuchechemea. Leo muguu wa mbele, kesho wa nyuma. Ukimugusa, analia. Jirani mumoja alisema batoto walimupiga jiwe, mwingine akasema ni bulozi. Siku moja akaruka kutoka kizingiti cha mulango, muguu ukavunjika. Kizingiti tu!

Veterineri ndiye alinifungua macho. Mbwa anayekomaa anahitaji kalsiamu mingi, ndiyo inafanya mifupa iwe ngumu. Bugali haina ya kutosha. Nyama peke yake pia haina: iko na fosforasi mingi na kalsiamu kidogo sana. Lakini damu haiwezi kukosa kalsiamu, juu moyo na misuli vinaitumia kila saa. Basi mwili unaenda kuichota katika mifupa. Ni sawa na mulimaji mwenye njaa anayekula mbegu: leo ameshiba, musimu ukifika hana cha kupanda.

Na jua haitamuokoa. Ngozi ya mutu ikipata jua inatengeneza vitamini D; ngozi ya mbwa karibu haitengenezi. Yeye lazima aipate katika chakula.

Wengine watasema: «Batoto betu wenyewe hawashibi, tutawaza namna gani juu ya mbwa?» Ni neno la kweli, silicheki. Lakini sisemi tununue kitu. Maganda ya mayai tunayatupa kila siku. Yachemshe, yakaushe, yatwange mpaka yawe unga laini. Nusu ya kijiko kidogo kwa siku, kwa mutoto wa mbwa wa kilo 5 hivi, ni musaada mukubwa. Makombo ya ndagala na sambaza, pamoja na mifupa yao midogo, yanamuletea kalsiamu na vitamini D pia.

Usizidishe, kwani kalsiamu ikipita kipimo inaharibu mifupa vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimupe, inapasuka na kumuchoma ndani. Vidonge vya maumivu vya batu hapana: ibuprofen inaweza kumuua. Anayechechemea apumzike wiki kadhaa bila kuruka, na veterineri amuone.

Neno moja nzito. Mbwa asiyetembea vizuri, anayetoa mate mingi na tabia imebadilika, usimuguse: inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akiuma mutu, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha muende kituo cha afya siku ileile.

Maoni yangu ni haya. Katika koperative, memba akimupa mwenzake mutoto wa mbwa, amupe pia maelezo ya chakula chake. Na wenye kuku waweke maganda pembeni kwa ajili ya wasio na kuku. Hakuna franga itatoka.

Mbwa wangu alipona, lakini muguu mumoja umebaki umepinda. Usiku anabweka vizuri. Kufuata nyani, hawezi tena. Ile ni kosa yangu, haiko ya mulozi.