Stelingi Anajua Kila Kitu, Isipokuwa Siri ya Mpenzi Wake

Leo tuongelee sinema.

Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tuliamua kutotoka. Watoto tukawalaza mapema, tukakaanga bisi, tukaweka Casino Royale, ile James Bond ya mwaka 2006, ya kwanza kwa Daniel Craig. Tulishaiona enzi za uchumba, ila safari hii nusura tugombane. Kama wewe bado hujaiona, nisamehe, maana mwisho wake nausema.

Nianze na mazuri. La kwanza ni lile kimbizana la mwanzoni. Kwenye hadithi ni Madagaska, ingawa walipiga picha Bahamas. Anayekimbizwa ni Sébastien Foucan, Mfaransa bingwa wa mchezo wa kuruka kuta na mapaa. Yeye anapenya juu ya ukuta kwenye kijitundu kama paka. Bond je? Anaupasua ukuta na kupita nao! Hapo hapo umeshajua huyu ni mtu wa aina gani. Halafu anaumia kweli, shati linachanika, damu inatoka. Tulishazoea Bond anayetoka vitani na tai imenyooka.

La pili ni adui. Le Chiffre, aliyechezwa na Mads Mikkelsen, kakabidhiwa pesa za kiongozi wa waasi huko Uganda, akazichezea kwenye hisa, zikayeyuka zaidi ya dola milioni 100. Sasa anazitafuta kwenye meza ya poka, Montenegro. Yaani adui ana deni na wenye pesa wanamfuata hadi hotelini! Mwongozaji Martin Campbell ameifanya meza ya karata itishe kuliko bomu.

La tatu ni Vesper Lynd, yaani Eva Green, afisa wa Hazina ya Uingereza anayelinda pesa za serikali anazochezea Bond. Baada ya Bond kuua watu wawili ngazini mbele ya macho yake, Vesper anakaa chini ya bomba la bafuni na gauni lake, anatetemeka. Bond hahubiri. Anakaa naye palepale kwenye maji na nguo zake. Akina baba, rudieni sehemu hiyo mara mbili.

Haya, kasoro. Kwanza ni ndefu, dakika 144. Ukidhani imekwisha, bado kuna nyumba nzima inazama Venice. Kama hujui poka utachoka, ndiyo maana kuna jamaa anamnong'oneza Vesper maelezo ya mchezo, kumbe anatueleza sisi. Uganda nayo tunaonyeshwa kambi ya waasi tu, mvua na bunduki. Imeandikwa kabisa ni Mbale, mji wa chini ya Mlima Elgon, lakini soko wala mtu anayekwenda kazini humwoni. Na Solange, mke wa mtu, Bond anamrubuni apate habari, kesho yake anakutwa maiti. Stelingi anasonga mbele kama hakuna kitu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Bond anaacha kazi kwa ajili ya Vesper, wako Venice wanakula raha, kumbe yeye anachota zile pesa awapelekee maadui. Walimteka mpenzi wake wa zamani, na alikubali kutoa pesa ili Bond naye asiuawe. Akigundulika, anajifungia kwenye lifti na kuzama.

Mume wangu akaguna. "Hapo wamechemsha. Mtu kaacha kazi kwa ajili yako, unashindwaje kumwambia? Angesema tu, Bond angewamaliza wote."

Enzi za uchumba na mimi nilisema hivyohivyo. Safari hii nilinyamaza, nikachambua bisi zisizopasuka.

Wapenzi, miezi minne nyuma nilikopa laki nane kwenye kikoba nikampa mdogo wangu, biashara yake ilikuwa inakufa. Mume wangu hakujua, na tulikuwa tunadunduliza pesa za kiwanja. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia, akarudi amechoka. Siku ya pili alikuwa na furaha, nikaona nisiiharibu. Baada ya wiki mbili nikawa sina la kuelezea kwa nini sikusema mapema. Kwa hiyo usiniambie eti "angesema tu".

Kwangu mimi kasoro ya mwisho ule iko kwingine. Sababu za Vesper tunazisikia kwa M, bosi wa Bond, kwenye simu, mwenyewe akiwa ameshakufa. Sinema ya zaidi ya saa mbili, mwanamke hapewi hata dakika mbili za kujieleza. Ukiirudia utaona machozi yake yapo tangu mapema, ila Bond, jasusi mzima, hakuyasoma.

Majina ya wachezaji yalipoanza kupita nikasema, "Baba, nina neno." Nikamwambia lote. Akauliza kiasi, nikataja. Akakaa kimya, kisha akasema, "Laki nane tungeilipa. Hiyo miezi minne ndiyo inaniuma." Akatoka kwenda kufunga geti, akachelewa sana kurudi.

Jumapili tulikaa mezani na daftari. Kiwanja kimesogea mbele miezi kadhaa, na hadi leo kuna jioni anaongea kidogo. Sijui kama angenipa pole ningesema siku ile ya kwanza. Nadhani angefoka, tukalala tumenuniana, basi.

Sinema naipa nyota nne kati ya tano. Itazame na mwenzio, ila kama una la kumwambia, mwambie kabla hamjafika Venice. Tukutane mwezi ujao!