Nani Mwenye Ufunguo wa Kibao cha Mwanafunzi?

Neno kibao sisi watu wa pwani tulikuwa nalo zamani. Kuna kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na kuna kile cha shavuni ambacho aliyepitia chuoni hahitaji kuelezwa. Hivi sasa kuna kibao kingine, kompyuta bapa ya kushika mkononi, ambayo mabingwa wengine wa lugha waiita kishikwambi. Mimi nitasema kibao, kwani jina hilo lanikumbusha ubao wa chuo, ambao mwalimu alituandikia alifu nasi tukaifuatisha kwa kalamu ya utete na wino wa masizi. Ubao ule haukuwa na maajabu yoyote. Walakini ulichokiandika kilikuwa chako mpaka ukioshe mwenyewe, na hapana mtu aliyekuja kukudai ada ndipo ukione.

Nimeyakumbuka hayo kwa kisa kilichotupata nyumbani. Mjukuu wa dada yangu mkubwa, msichana wa sekondari anayesoma bweni, aliletewa kibao na mjomba wake aliyeko Maskati. Likizo yote ya Aprili alikaa uani na bibi yake, akiandika beti za utenzi ambazo mama yetu, Mungu amrehemu, alizoea kutusomea usiku. Beti hizo hazikupata kuandikwa popote. Mama alizipokea kwa mama yake, naye Dada akazipokea kwa mama. Mtoto alizipata 114, akazitia katika programu moja ya kuandikia, nzuri kwa macho, yenye maua pembeni, aliyoipata bure.

Aliporudi likizo ya Agosti akaifungua. Akakuta ujumbe kwamba muda wa bure ulikwisha, kwamba alitumiwa barua pepe alipe kwa mwezi, na madhali hakulipa, kazi yake imefutwa. Barua pepe angeisomea wapi, naye shuleni hakuruhusiwa kibao?

"Babu," akaniambia, "nimezipoteza za bibi." Alikuwa akilia.

Simtaji mwenye programu hiyo, kwani wa namna yake ni wengi. Wala simlaumu mtoto. Lawama naitupa kwetu wazee. Tuendapo dukani kununua kibao twauliza bei, twauliza betri yakaa saa ngapi, twauliza kioo kikianguka kitapasuka. Kilichomo ndani hatukiulizi. Serikali yetu iliahidi kompyuta za watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaanza kugawa vibao mwaka 2016, na mabarazani tulibishana sana juu ya gharama na wizi. Sikumbuki hata siku moja tuliyobishana juu ya programu.

Basi mimi nasema, programu ya mwanafunzi ipimwe kwanza kwa mlango wake wa kutokea. Alichoandika mtoto aweze kukitoa, akakitia katika chombo kingine, akakifungua bila ya ruhusa ya mtu. Jaribio lake ni jepesi: andika mistari miwili, ihifadhi, itoe, uifungue kwenye kompyuta nyingine. Ikikataa, iondoe siku hiyo hiyo, hata ikiwa ina maua namna gani. Sasa nimemwekea Collabora Office, iliyotokana na LibreOffice. Yahifadhi maandishi katika muundo wa ODF, uliokubaliwa mwaka 2006 na shirika la viwango la kimataifa, ISO. Muundo huo wasomwa na programu nyingi za watengenezaji mbalimbali, na huyu akifunga duka, yule yuko. Nakala ya pili iko katika kadi ya kumbukumbu, na ya tatu iko kwangu.

Jambo la pili ni bando. Programu isiyofanya kazi mpaka kuwe na intaneti ni programu ya watoto wa wenye nacho. Hesabu za jometria nimempa GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001. Mchoro wachorwa na wageuzwa bila mtandao. Kiwix nayo humwezesha mtu kuipakua mara moja Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, akaisoma popote, ingawa baadhi ya makala zake ni fupi kama salamu za njiani. Na walimu wa madrasa zetu na shule zetu waitazame Kolibri. Masomo hutiwa katika mashine moja ya darasani, na vibao vya wanafunzi vikachota humo bila senti moja ya bando.

Kuna na hili la kuchunguzwa. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya bidhaa 163 za masomo zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa Korona, na 145 kati yake zilionekana kuhatarisha haki za watoto kwa jinsi zilivyokusanya habari zao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data yataka idhini ya mzazi kabla habari za mtoto hazijashughulikiwa. Programu ya kujumlisha na kutoa ikitaka kujua mtoto yuko mtaa gani, mzazi ana haki ya kuuliza ya nini.

Lililonichukua muda zaidi ni herufi. Dada hasomi Kiswahili ila kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa. Kibodi ya Kiarabu ilikuwemo, lakini herufi za sauti zetu, pe, che na ga, hazikuonekana juu yake. Nikaongeza kibodi ya Kiajemi, nazo zote tatu zimo. Ve tukaipata kwa kuibonya fe kwa muda. Mtoto akaandika jina la bibi yake na la mtaa wetu, akamsogezea. Dada alivaa miwani, akasoma, akasema nukta zimekaa vizuri kuliko mkono wangu mimi.

Sasa wameanza upya, kila Ijumaa baada ya isha, mtoto akiwa nyumbani. Baadhi ya beti zimerudi kama zilivyokuwa. Nyingine Dada azitamka, kisha asita na kusema sizo, mama hakusema hivyo. Mimi nikikumbuka kina, yeye hukumbuka kisa. Hadi Ijumaa iliyopita zilikuwa zimepatikana 62. Zilizosalia Dada asema tusimharakishe, huenda zikamjia akikuna nazi.