Beki apimwe kwa kuzuia

Katika msimu ulioisha mwaka 1984, Paul Coffey wa Edmonton Oilers alifunga mabao 40 na kutoa pasi za mabao 86, naye ni beki. Hata hivyo tuzo ya Norris, ambayo ligi ya hoki ya barafuni ya NHL humpa beki bora wa mwaka, ilikwenda kwa Rod Langway wa Washington Capitals, mwenye mabao 9. Mwaka uliotangulia aliitwaa akiwa na mabao 3 tu. Naamini waandishi wa michezo, ambao ndio wapiga kura, walikuwa na haki. Capitals waliingia ligi mwaka 1974 na hawakufuzu hatua ya mtoano hata mara moja hadi Langway alipofika mwaka 1982. Msimu huohuo wakafuzu, na msimu uliofuata hakuna timu iliyofungwa mabao machache kuliko wao. Linganisha na mwaka 2023. Safari hii tuzo ilichukuliwa na Erik Karlsson wa San Jose Sharks, mwenye pointi 101 (mabao na pasi za mabao kwa jumla), ingawa kwa hesabu ya ligi yenyewe, alipokuwa uwanjani timu yake ilifungwa mabao 26 zaidi ya iliyofunga.

Kazi ya beki wa hoki haionekani kirahisi. Huteleza kinyumenyume huku mshambuliaji akimjia kwa kasi, na silaha yake kubwa ni pembe: ananyoosha gongo kuziba njia ya katikati, anamsukumia mpinzani ukingoni, mahali ambapo hata akipiga, kipa analiona shuti mapema. Akifaulu, hakuna kinachotokea. Pasi haikutolewa, shuti halikupigwa, na karani wa mechi hana la kuandika. Bao, kwa upande mwingine, lina jina na dakika. Mpiga kura anayefuatilia timu zaidi ya thelathini atashika kile kilichoandikwa, na hapo ndipo haki ya beki inapopotea.

Watetezi wa Karlsson wana hoja nzito. Sharks walishinda mechi 22 tu kati ya 82, na si haki kumbebesha mtu mmoja udhaifu wa timu nzima. Tena masharti ya tuzo yanataja uwezo wa jumla katika nafasi ya beki, na tangu beki Bobby Orr aongoze ligi nzima kwa pointi mwaka 1970, hakuna awezaye kusema kushambulia si sehemu ya kazi hiyo. Yote nayakubali. Lakini uwezo wa jumla una pande mbili, na upande mmoja ukiwa na takwimu kila usiku na mwingine hauna, mizani imeshalala kabla kura hazijapigwa. Ligi yenyewe iliutambua ugonjwa huu, ila ikamtibu asiye mgonjwa: tangu mwaka 1978 inatoa tuzo ya Selke kwa mshambuliaji anayezuia vizuri kuliko wenzake. Mshambuliaji akasifiwa kwa kukaba, na beki akabaki miongo mingi akisubiri tuzo yake ya kukaba.

Wengine watamtaja Nicklas Lidström kuwa ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi. Msweden huyu alicheza mechi 1,564, zote na Detroit Red Wings, akatwaa kombe la ubingwa la Stanley mara nne na Norris mara saba. Alikaba bila fujo: adhabu zake zote ni dakika 514, wastani wa chini ya sekunde 20 kwa mechi. Kwangu mimi hajatokea beki aliyeusoma mchezo kama yeye. Lakini tazama alivyotuzwa. Kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1998, alishika nafasi ya pili katika kura, na tuzo ya kwanza akaipata mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 31. Ya saba aliipata mwaka 2011 akiwa na miaka 41 na pointi 62, na huo ndio msimu pekee katika misimu yake 20 ambao hesabu ya mabao alipokuwa uwanjani iliangukia upande wa hasara.