BWANA SHAMBA ANASEMA: Kofia ya Pikipiki Huchaguliwa kama Mbegu



Leo tuzungumze juu ya kofia ngumu ya pikipiki. Wengine huiita helmeti. Usishangae kumsikia Bwana Shamba akisema habari za kofia. Siku hizi mazao yetu, wagonjwa wetu na watoto wetu husafiri kwa pikipiki. Hata mimi huja kwenu kwa pikipiki.

Kofia huchaguliwa kama mbegu. Ukishika punje ya mahindi mkononi, jicho haliwezi kukuambia kama itazaa vizuri. Ndiyo maana tunatafuta lebo ya uthibitisho kwenye mfuko. Kofia nayo ni hivyo hivyo. Kofia mbovu inaweza kung'aa kuliko kofia nzuri.

Nitawaeleza jambo lililonipata mwaka 2019, wakati wa masika. Nilikuwa natoka kukagua mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na daraja dogo pikipiki iliteleza, nami nikaanguka. Kichwa changu kiligonga jiwe. Nilisimama, nikajipapasa. Nilikuwa nimechubuka mkono tu. Kofia yangu ilikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo.

Nilinunua kofia nyingine. Kijana mmoja jirani yangu, dereva wa bodaboda, akaja nyumbani.

"Shikamoo, Bwana Shamba," akasema. "Naomba ile kofia yako ya zamani. Mbona bado nzima?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Ile sikupi."

Kijana akanuna. Alidhani nina uchoyo. Basi nikachukua msumeno, nikaikata kofia ile mbele yake. Gamba la nje lilikuwa zima. Lakini ndani, mahali palipogonga jiwe, palikuwa pamebonyea na kupasuka. Kijana akatazama kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe imekwisha kufa."

Naam. Ilikufa badala yangu.

Kofia inafanyaje kazi?

Kofia nzuri ina sehemu mbili kubwa. Nje kuna gamba gumu. Ndani, chini ya kitambaa laini, kuna povu gumu. Linafanana na lile jeupe linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kikigonga chini, povu hilo hubonyea. Linapobonyea, linapunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi tena. Kwa hiyo kofia iliyopata ajali haifai tena, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Kofia za kiwango hupimwa kabla ya kuuzwa. Huchukuliwa kofia chache, zikavalishwa kichwa cha bandia na kudondoshwa juu ya chuma. Katika kipimo kimoja cha Umoja wa Mataifa, kofia hugonga chuma kwa mwendo wa kilomita 27 kwa saa. Ni kama kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 3. Wewe huwezi kufanya kipimo hicho dukani. Unachoweza ni kutafuta alama ya waliopima.

Ukienda dukani, fanya haya:

1. Tafuta alama. Tazama kama kuna alama ya TBS. Hilo ni Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975. Kipimo cha Umoja wa Mataifa nacho kina alama yake. Ni herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali. Kwa mfano, E3 ni Italia na E4 ni Uholanzi. Mara nyingi lebo hiyo hushonwa kwenye mkanda wa kidevu.

2. Tazama ndani. Wako watu wanaoghushi alama, kama wanavyoghushi mbegu. Bonyeza ndani kwa kidole. Ukikuta kitambaa na gamba tu, bila povu gumu, rudisha.

3. Usinunue kofia ya mafundi wa ujenzi. Ile imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachogonga barabara.

4. Ivae. Ikubane pande zote bila kuumiza. Tikisa kichwa. Kofia ikicheza, ni kubwa mno.

5. Funga mkanda. Kidole kimoja au viwili tu vipite kati ya mkanda na kidevu. Kisha shika kofia kwa nyuma, uisukume kwenda mbele. Ikivuka kichwa, haikufai.

6. Omba risiti. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Kofia isiyofungwa haisaidii

Wako madereva wanaotundika kofia kwenye usukani. Wako wanaoivaa bila kufunga mkanda. Ukianguka, kofia hiyo itatangulia kuruka, na kichwa kitabaki peke yake.

Abiria wengine hukataa kofia kwa kuogopa jasho la watu. Hofu hiyo ina sababu. Basi vaa kitambaa chepesi chini yake. Dereva naye aisafishe kwa maji na sabuni. Asitumie petroli, maana petroli hula lile povu.

Utasema kofia nzuri ni ghali. Ni kweli, fedha ni ngumu. Lakini mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42. Hatari ya kuumia kichwa hupungua kwa asilimia 69. Mbegu mbaya itakupotezea msimu mmoja, na mwakani utapanda tena. Kichwa hakipandwi tena.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Bwana Shamba alikataa kumpa kijana kofia yake ya zamani?
2. Kofia ya mafundi wa ujenzi ina kasoro gani kwa mwendesha pikipiki?
3. Leo tazama kofia moja kijijini kwako. Je, ina alama? Ina povu? Mkanda wake unafunga?

Tuonane mwezi ujao.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.