Mgeni Aliyebeba Nyumba Yake

Wako wasemao kwamba msafiri apitaye Simbo katika gari lenye kitanda na jiko, akiuelekea upepo wa Ziwa Tanganyika huko Ujiji, ndiye mrithi wa wasafiri wa kale. Neno hilo si kweli. Burton na Speke mwaka 1858, na Stanley mwaka 1871, walifikishwa Ujiji kwa mabega ya wapagazi, kwa msaada wa watu kama Sidi Mubarak Bombay, na kwa vyakula vya vijiji vya njiani. Misafara ya njia ile isisifiwe, maana ilichukua pia pembe na watumwa; lakini haikuweza kwenda bila ya kupiga hodi. Mwenye nyumba ya magurudumu hapigi hodi. Hulitazama jiwe la ukumbusho, akalala nyuma ya mlango wake mwenyewe, akaondoka akidhani ameiona nchi. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mgeni asiyeshuka garini humponya nani? Kosa si la gari, bali la fikira kwamba kusafiri ni kutohitaji watu. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina. Apitaye bila kuwaamkia wajukuu wao huwafuta mara ya pili.